Kaseti za Nyumbani: Anza na Ile Isiyo na Nakala

Wananchi wanaofika kwenye dawati letu la kumbukumbu hapa Tabora mjini huja kwanza na kaseti za muziki: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Tunazipokea kwa furaha, maana bendi hizo ni fahari ya mji huu. Lakini muziki wa bendi ulirekodiwa studio, ukapigwa redioni, na nakala zake zimesambaa. Kaseti ya babu akisimulia familia ilivyohamia Urambo, au ya ngoma ya manyanga iliyorekodiwa uwanjani kule Uyui, haina ya pili. Hiyo ndiyo ianze kuhamishiwa kwenye kompyuta.

Utepe wa kaseti ni plastiki yenye upana usiofika milimita 4, imepakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi huchoka. Joto la Oktoba chini ya bati, kisha unyevu wa mvua za Novemba, huharakisha uchovu huo. Zile za dakika 120 ndizo hutafunwa na redio upesi, kwa sababu utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60.

Kabla ya kuwasha kompyuta, inua kaseti kwenye mwanga uchungulie kidirisha chake. Ukiona ukungu mweupe pembeni mwa msokoto, usiicheze. Utachafua mashine na kuambukiza kaseti nyingine. Kisha tazama upande ulio wazi. Katikati, nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha manyoya kilichobandikwa kwenye bapa jembamba la chuma. Kazi yake ni kuusukuma utepe uguse hedi, kile kichwa cha chuma cha redio kinachosoma sauti. Kikibanduka, sauti hufifia kama ya mtu aliyejifunika blanketi, na wengi huitupa kaseti wakidhani imekufa. Haijafa: fundi atahamishia utepe kwenye ganda jingine zima, la skrubu. Vunja pia vile vijiplastiki viwili vya mgongoni, ili kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi kisifute kitu. Halafu izungushe mpaka mwisho na uirudishe, utepe ulionata kwa miaka uachiane.

Redio kaseti nayo isafishwe. Lowesha pamba ya kijiti kwa spiriti ya isopropili, ufute hedi mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia. Sauti ikiyumbayumba, mkanda wa mpira ulio ndani ya redio umelegea. Ikiwa nzito bila makali, mwombe fundi aiguse skrubu ndogo ya pembeni ya hedi huku kaseti inacheza, mpaka herufi “s” zisikike vizuri. Marekebisho hayo madogo yana faida kuliko programu yoyote utakayoinunua baadaye.

Upande wa kompyuta ni mwepesi. Chomeka waya kwenye tundu la hedifoni la redio, lakini upande wake wa pili usiuchomeke kwenye tundu la maiki la kompyuta mpakato: sauti itapasuka, na mara nyingi itaingia upande mmoja tu. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini, yaani la kupokea sauti kutoka redio au mashine nyingine. Redio itumie betri, ule mngurumo wa umeme utapungua. Programu ya kurekodia ya Audacity hailipiwi. Weka hetsi 48,000 na biti 24, ambavyo ni vipimo vya ubora wa sauti, uhifadhi kwa WAV, faili lisilobana sauti. Saa moja ya stirio itakula takriban GB 1. Jaribu kwanza sehemu yenye sauti kubwa, vilele vyake kwenye kipimo cha programu visipite desibeli -6, kwa sababu sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki. Na hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa nzima itakuchukua saa nzima.

Mvumo wa kaseti uache kwanza. Vijana wetu hupenda kuusafisha mpaka sauti ya bibi inageuka ya mtu anayeongea majini. Faili la kwanza lisiguswe, safisha nakala. Ya kutuma WhatsApp iwe MP3, faili dogo lililobanwa.

Kinachosahaulika zaidi ni majina. Faili linaloitwa “Track 01” lenye wazee watatu wakizungumza Kinyamwezi, miaka ishirini ijayo halitamsaidia mtu. Kaa na mama au mjomba anayewatambua, msikilize pamoja, uandike: nani anaongea, kijiji gani, tukio gani, mwaka gani hata wa kukisia. Piga picha karatasi ya kaseti yenye mwandiko. Faili liite kwa mfano “Sikonge_1988_harusi_upandeA”.

Hifadhi kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Flashi peke yake haitoshi. Nyimbo za kwaya au mawaidha ya watu wengine usiziuze wala kuzisambaza bila ruhusa yao, sheria ya hakimiliki ya 1999 inawalinda. Kaseti yenyewe usiitupe hata ukishamaliza: irudishe kwenye kasha lake na uisimamishe wima mahali pakavu, mbali na spika, maana zina sumaku.