Vihatarishi na kinga za kijamii: kwa nini kilevi na kuacha shule hutembea pamoja

Kihatarishi cha kijamii ni hali inayomzunguka kijana nyumbani, shuleni au mtaani, ambayo ikiwepo humweka karibu zaidi na pombe, bangi au sigara, au na kuacha masomo kabla ya wakati. Kinga ya kijamii ni hali inayomweka mbali navyo, hata pale vihatarishi vimejaa. Hapa tunazungumzia uwezekano tu. Watoto wawili wa mama mmoja kule Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu mashariki mwa Kongo, waliolala kitanda kimoja tangu utoto, mmoja anaweza kufika Exetat, ule mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, na mwenzake akawa anashinda kwenye kanyanga, pombe kali ya kienyeji, tangu saa nne asubuhi. Dhana hii haitakuambia kwa nini yule na si huyu. Itakuambia kwa nini vijana mia wa mtaa fulani, wakilinganishwa na mia wa mtaa mwingine, hesabu zao hazitoki sawa.

Hapa Bukavu watu wana maelezo yao tayari. Ni tabia. Ni marafiki wabaya. Na sauti ikishushwa kidogo: ni kabila lao. La marafiki lina ukweli ndani yake. La kabila nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloumiza watoto zaidi.

Mwaka 1992, J. David Hawkins, Richard Catalano na Janet Miller wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu vijana, pombe na dawa za kulevya. Walikusanya vihatarishi vilivyojirudia: umaskini uliokithiri, mtaa usio na utulivu, kilevi kupatikana kwa urahisi, ugomvi wa ndani ya nyumba, wazazi wanaotumia, kushindwa masomo tangu shule ya msingi, kutoipenda shule, kuwa na wenzako wanaotumia. Ficha kichwa cha orodha hiyo, umpe mwalimu yeyote wa Bagira, mtaa mwingine wa Bukavu, aisome, atadhani ni sababu za kuacha shule. Mizizi ni ileile kwa sehemu kubwa, na kila upande huusukuma mwingine. Anayekunywa hukosa masomo, na aliyekosa masomo hupata muda wa kunywa na watu wa kunywa nao. Zaidi ya hapo, vihatarishi hulundikana. Kimoja kikiwa peke yake vijana wengi hukivuka bila shida, lakini vinne au vitano juu ya kichwa kimoja ni mzigo mwingine kabisa.

Travis Hirschi, mwanasosholojia wa Marekani, alikuwa ameligeuza swali zima mapema zaidi, mwaka 1969. Badala ya kuuliza kwa nini baadhi ya vijana wanavunja kanuni, aliuliza kwa nini wengi hawazivunji. Jibu lake lilikuwa kwamba wameshikwa. Wanashikwa na upendo kwa wazazi na walimu, na kitu wanachoogopa kukipoteza kama cheti au jina zuri, na shughuli zinazojaza siku yao, na imani kwamba kanuni zenyewe zina haki. Nyuzi hizo zikilegea, hakuna haja ya kutafuta shetani aliyemwingia mtoto. Nadharia hiyo ina kasoro moja ambayo wanaoisifu huipita haraka. Data zake zilitoka kwa wanafunzi wa sekondari huko California, wakiwemo wasichana na vijana weusi, lakini alipofika kwenye uchambuzi aliwaacha wote wawili kando, akaendelea na wavulana wasio weusi. Walio wachache walihesabiwa, kisha wakawekwa pembeni.

Hapa kwetu nyuzi hizo hukatwa na kitu ambacho kila mzazi anakijua: minervali, yaani ada ya shule. Katiba ya 2006 iliahidi shule ya msingi ya bure katika shule za umma, na ahadi ikaanza kutekelezwa Septemba 2019. Sekondari inaendelea kulipiwa. Mitihani ikikaribia, mtu wa ofisi anapita madarasani na karatasi ya majina, na ambao hawajalipa wanakusanya madaftari yao na kutoka. Mfuate mvulana wa miaka 15 aliyetolewa hivyo saa mbili na nusu asubuhi. Nyumbani hakuna mtu, mama ameshateremka sokoni, na akimfuata huko ni kumwaibisha mbele ya wateja. Ana shati jeupe na suruali ya buluu, kila anayepita anajua kwamba saa hiyo alipaswa kuwa darasani. Anateremka hadi bandarini, kando ya ziwa, mahali mizigo inaposhushwa. Pale anawakuta waliofukuzwa mwaka jana. Hawa hawamuulizi kitu. Wanamwonyesha namna ya kubeba gunia, wanagawana naye sarafu, na jioni wanamnunulia kinywaji kwenye kichupa kidogo cha plastiki ambacho bei yake ni ndogo kuliko sahani ya ugali na samaki.

Katika hadithi hiyo fupi, ambayo mtu yeyote wa mjini anaweza kuikamilisha kwa majina anayoyajua, nyuzi zote nne za Hirschi zimelegea kwa asubuhi moja. Mwalimu amekuwa mtu aliyemtoa nje. Cheti kimesogea mbali. Siku imebaki tupu. Na kanuni inayomwadhibu mtoto kwa deni la mzazi si rahisi kuiona kuwa ya haki. Kwa maoni yangu, kumfukuza mtoto kwa ajili ya pesa ni kihatarishi kinachotengenezwa na watu wazima kwa karatasi na kalamu, na kinastahili kuhesabiwa kabla hatujaanza kuhesabu mabaa. (Najua, mwalimu naye anangoja mshahara. Kumbana mtoto hakumlipi.)

Sasa lile la kabila. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikiwauliza wanafunzi wa sekondari kila mwaka tangu 1975 kuhusu wanachotumia. Kwa miongo mingi wanafunzi weusi wameripoti pombe na sigara kwa kiwango cha chini kuliko weupe, kinyume kabisa na picha ambayo sinema zimetuzoesha. Tahadhari moja ni ya lazima: aliyeacha shule hayumo darasani siku karatasi za maswali zinapogawiwa, na mahali ambapo vijana wa jamii moja huacha shule kwa wingi zaidi, hesabu hizo zinakosa watu. Hata hivyo fundisho linabaki. Kuwa mtoto wa jamii iliyo ndogo hakumtumbukizi mtu kwenye kilevi. Watafiti wanapoona tofauti kati ya makundi, mara nyingi wanachokiona ni rundo la hali zilizowekwa juu ya kundi hilo: makazi, kipato, namna polisi na walimu wanavyowatendea. Na jamii hizohizo mara nyingi zina kinga zake, kama kanisa, bibi mwenye kauli, ndugu wengi wa kumtazama mtoto.

John Ogbu, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Nigeria na kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitenganisha jamii ndogo za aina mbili. Kuna waliohamia kwa hiari wakitafuta maisha, na kuna walioingizwa kwa nguvu, kwa utumwa, ukoloni au kunyang'anywa ardhi. Wa kwanza huiona shule kama ngazi. Wa pili wana sababu za kihistoria za kuitilia shaka. Wengi wamempinga, hasa aliposema kwamba baadhi ya vijana weusi hukwepa kufaulu wasionekane wanaiga wazungu. Tafiti za baadaye zilikuta vijana hao wanathamini shule sawa na wengine. Ugawaji wenyewe, hata hivyo, unatusaidia kuwatazama majirani zetu Batwa, wenyeji wa asili wa msituni. Msitu wao ulifanywa Hifadhi ya Kahuzi-Biega mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, nao wakaondolewa bila fidia. Leo wengi wanaishi kwenye vijiji vya Kabare na Kalehe, pembezoni mwa ardhi za watu wengine, wakifanya vibarua ambavyo mara nyingine hulipwa kwa chakula au pombe badala ya pesa. Sheria ya kulinda haki zao ilitiwa sahihi Julai 2022, na mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilivunja haki hizo.

Mtoto wa Mtwa anayekaa kwenye benchi la nyuma, ambaye wenzake wanakataa kula naye, ameshabeba vihatarishi kadhaa kabla hajaonja chochote. Anayesema Batwa wanapenda pombe anaanzia hesabu mwisho.

Kuhusu kinga, utafiti unaotajwa sana ni wa Michael Resnick na wenzake, uliochapishwa 1997 kutoka kwa zaidi ya vijana 12,000 wa Marekani. Mambo mawili yaliwakinga vijana dhidi ya karibu kila hatari iliyopimwa: kushikamana na wazazi na kushikamana na shule. Kushikamana na shule kulipimwa kwa maswali mepesi kabisa, kama vile unaona walimu wanawatendea haki, uko karibu na watu wa pale, unajiona ni mmoja wao. Hayo hayaingii kwenye bajeti ya mtu. Mwalimu anayemwita Mtwa kwa jina lake, na kumketisha mbele, ameanza kazi.

Kuna pia mambo ambayo ni kihatarishi na kinga kwa pamoja, na haya ndiyo yanayowasumbua wanaoandika miradi. Mama anayeuza kasiksi, pombe ya ndizi, nyumbani ili kulipa minervali ameleta kilevi hadi mlangoni pa mtoto. Pesa hiyohiyo ndiyo inayomzuia mtoto asitolewe darasani. Ukimfungia biashara umeondoa vyote viwili kwa mpigo. Kinachowezekana ni kidogo zaidi: wateja wakae uani badala ya chumba anamosomea mtoto, asitumwe kuonja kama imeiva wala kupeleka jagi kwa walevi, na siku ya mauzo mazuri pesa ya shule itengwe kabla ya kununua ndizi nyingine.