Mmumunyo ni nini? Gesi ya Ziwa Kivu ndani ya neno moja

Hapa Goma, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, ukitaja gesi ya ziwa, watu wengi huona akilini kitu kimoja: mfuko mkubwa umelala chini kabisa, kama mtungi wa gesi uliozamishwa, unangoja kupasuka. Maelezo hayo nimeyasikia sokoni, mtumbwini, hata darasani. Sivyo ilivyo. Chini ya Kivu hakuna mfuko. Ungeweza kushuka hadi mita 300 na taa mkononi, ukayatazama maji ya huko, usingeona povu hata moja. Gesi imo ndani ya maji yenyewe, kama sukari ilivyomo ndani ya chai. Hali hiyo katika kemia huitwa mmumunyo, na kila anayeishi kando ya ziwa hili anastahili kulielewa neno hilo barabara.

Asili yake ni kumumunya. Mtoto akipewa pipi haitafuni. Huizungusha mdomoni, inapungua, inapungua, mpaka inakwisha na utamu umeenea kwenye mate yote. Pipi haikupotea: imeachana chembe kwa chembe, na kila chembe imezungukwa na maji, ndogo kiasi kwamba jicho haliioni. Vitabu vingine husema myeyusho, na si kosa. Mimi napendelea mmumunyo kwa sababu kuyeyuka kuna kazi mbili. Barafu huyeyuka peke yake ikipata joto, lakini chumvi ya mezani haiwi mmumunyo mpaka ikutane na maji.

Kwa hiyo mmumunyo huhitaji wawili, kinachomumunyisha na kinachomumunyika. Utautambua kwa kuwa hautuami. Koroga unga wa muhogo kwenye maji baridi, uache kwa muda, unga wote utakuwa umeshuka chini. Huo ni mchanganyiko tu. Chai iliyokorogwa sukari vizuri, hata ikilala mpaka asubuhi, tone la juu na la chini utamu wake ni uleule.

Mimumunyo mingi ina kikomo. Ongeza sukari kijiko baada ya kijiko, itafika mahali punje zinabaki chini hata ukoroge namna gani. Hapo mmumunyo umejaa. Ukiipasha moto, chai ileile itapokea sukari zaidi. Gesi nayo huenda kinyume: maji yakipata moto, gesi inafukuzwa. Weka sufuria ya maji kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, uinamie kuitazama. Muda mrefu kabla ya kuchemka, vipovu vidogo kama vichwa vya pini vinashika kwenye kuta za sufuria. Huo si mvuke bado. Ni hewa iliyokuwa imemumunyika ndani ya maji, ambayo joto limeinyima nafasi.

Nikiwa bado jikoni, niseme na la chumvi, maana mama zetu hubishana kama inaharakisha maharagi kuiva. Ni kweli kwamba maji yenye chumvi huchemka kwenye joto la juu kidogo kuliko maji matupu. Ni sifa ya kila mmumunyo wa kitu kisichogeuka mvuke. Lakini Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ili kupandisha nyuzi moja tu ungehitaji gramu 58 za chumvi kwa lita moja, na maharagi hayo hakuna atakayeyala. Chumvi ni ya ladha. Makaa ya kupikia utayamaliza vilevile.

Tuingie ziwani sasa. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kanuni inayobeba jina lake mpaka leo: kadiri gesi inavyogandamizwa juu ya maji, ndivyo maji yanavyoimeza kwa wingi. Soda ni kanuni hiyo ndani ya chupa. Chupa ikiwa imefungwa, soda imetulia, safi, haina povu. Fungua kizibo: tsss! Maji ni yaleyale na gesi ni ileile, kilichobadilika ni mgandamizo tu, na kiasi ambacho soda ilikuwa inakimudu sasa kimepita kikomo.

Kivu haina kizibo. Kizibo chake ni maji yenyewe. Kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji yaliyo juu yako unaongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote ya usawa wa bahari. Ziwa lina kina cha mita 480 na zaidi, kwa hiyo huko chini mgandamizo ni karibu mara 50. Katika hali hiyo maji yanaweza kushika gesi nyingi ajabu, nayo yameshika: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, gesi inayowaka, zikipimwa zilivyo juu kwenye hewa ya kawaida.

Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolifahamu. Kaboni dioksidi ni mara tano ya methani, hivyo ungedhani ndiyo iliyo karibu kutoroka. La. Maji huipenda kaboni dioksidi zaidi ya mara 20 kuliko yanavyoipenda methani. Methani ni mgeni asiyekaribishwa. Hata ikiwa kidogo inajaza nafasi yake upesi, na sehemu kubwa ya msukumo wa kutaka kutoka unatokana nayo. Kujua kiasi cha kitu hakutoshi, sharti ujue pia maji yanakimudu kiasi gani.

Na mbona maji ya chini hayapandi? Kwa sababu nayo ni mmumunyo mzito. Yamejaa chumvichumvi na kaboni dioksidi, hivyo hulala chini ingawa ni ya moto kuliko yaliyo katikati. Kivu ni tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo hazichanganyiki kirahisi. Ndiyo maana sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, huishi juu tu. Chini ya mita 70 hivi oksijeni haipo. Ndiyo maana pia watoto huogelea ufukweni bila gesi hiyo kuwagusa.

Hatari ni ya kweli. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dioksidi na watu wapatao 1,700 wakafa. Kwetu, Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa tabaka za kina hazikuvurugika. Gesi za Kivu zimefika kama nusu ya kikomo cha kutoka. Na tusichanganye na mazuku, ile kaboni dioksidi inayotoka ardhini upande wa Sake na kwenye mabonde ya mji. Hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na kuua mbuzi, hata watu, lakini haitoki ziwani.

Wanaovuna methani wanatumia tabia hizi hizi za mmumunyo. Upande wa Rwanda, huko Karongi, kituo cha megawati 26 kinazamisha bomba hadi mita 350 hivi. Pampu huanzisha tu: maji yakipanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na maji yenye mapovu ni mepesi, basi yanaendelea kujipandisha yenyewe. Gesi inayotoka bado imechanganyika na kaboni dioksidi nyingi isiyowaka. Hupitishwa tena kwenye maji safi. Maji yanaimeza kaboni dioksidi, methani yanaiacha, na methani hiyo ndiyo inayokwenda kwenye mashine za umeme.