"Put off" si kuzima, wala si kufuta

Anayekitafsiri kitenzi cha Kiingereza "put off" kipande kwa kipande, "put" kuwa weka na "off" kuwa mbali, hatafika popote. Maneno hayo mawili yakishaungana huwa kitenzi kimoja, na kazi yake kuu ni kuahirisha: "They put off the meeting", yaani kikao kimesogezwa hadi siku nyingine.

Dhana inayoleta hasara zaidi ni kwamba "put off" ni kufuta. Siyo. Kikao kilichoahirishwa bado kipo. Kilichofutwa ni "called off". Ukiyachanganya hayo kwenye barua ya kazi, wenzako watakaa wakisubiri tarehe mpya isiyokuja.

Na taa je? "Put off the light" husikika sana, na utaeleweka. Ila Kiingereza sanifu cha sasa, cha Uingereza na cha Marekani, husema "turn off" au "switch off". Moto nao ni "put out".

Wengine hudhani maana ni hiyo moja tu ya kuahirisha. Hapa ndipo patamu. Tazama kinachotendwa: kikiwa ni safari, mtihani au harusi, ni kuahirisha. Akiwa ni mtu, mambo hubadilika. "The smell put me off" ni harufu iliyonitoa hamu. "Stop staring, you're putting me off" ni kulalamika kwamba unavurugwa. Halafu kuna "He put the landlord off with promises": huyo kampiga mwenye nyumba kalenda, na hapo kuahirisha kunarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwenye sarufi, "put off the trip" na "put the trip off" zote sawa, lakini kiwakilishi lazima kikae katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Kitenzi kikifuata huchukua -ing: "put off going", si "put off to go". Wakati uliopita ni "put" vilevile. "Putted" ni ya wachezaji wa gofu, kutoka kitenzi kingine, "putt", yaani kuusukuma mpira taratibu kuelekea shimoni.

Wapo wanaosema hii ni lugha ya mitaani na muungwana huandika "postpone". Ni kweli "postpone" ni rasmi zaidi, lakini "put off" imejaa magazetini na hakuna anayeshtuka. Tena "postpone" yenyewe imetoka Kilatini: "post" ni baada, "ponere" ni kuweka.