Ubongo wa mwanadamu na jinsi unavyochunguzwa: maswali na majibu

Ubongo umegawanyika katika sehemu zipi?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Sehemu iliyo kubwa kuliko zote ni ubongo mkubwa, wenye nusu mbili zilizounganishwa na fungu nene la nyuzi za neva, na kila nusu huongoza zaidi upande wa pili wa mwili. Ndiyo maana mtu aliyepata kiharusi katika nusu ya kushoto hupooza mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi hupoteza pia uwezo wa kusema, kwa kuwa kwa watu wengi lugha imekaa upande huo. Nyuma, kwa chini, upo ubongo mdogo, ambao huratibu mwendo na kuuzuia mwili usipepesuke. Pombe ikiuvuruga, mlevi huyumba. Shina la ubongo, linaloungana na uti wa mgongo, husimamia pumzi na mapigo ya moyo.

Seli za neva hupelekaje ujumbe?

Kila seli ya neva, au nyuroni, ina matawi mafupi ya kupokea ujumbe na uzi mmoja mrefu, uitwao aksoni, wa kuupeleka mbele. Aksoni inayotoka chini ya uti wa mgongo hadi unyayoni inaweza kufikia urefu wa mita 1. Ujumbe hupita humo kama wimbi la umeme, linalotokana na chembe za sodiamu na potasiamu zinazopenya utando wa seli kuingia na kutoka, na pale aksoni ilipofunikwa na ala ya mafuta iitwayo mayelini, kasi yake huweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Unapofika mwisho, kwa kawaida umeme hauvuki: seli humwaga kemikali katika mwanya mwembamba sana uitwao sinapsi, na kemikali hiyo ndiyo inayoiamsha au kuituliza seli ya pili. Dawa nyingi za sonona hufanya kazi kwenye mwanya huo.

Kwamba seli hizi zimetengana halikuwa jambo la wazi. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alitangaza njia ya kutia tishu rangi kwa madini ya fedha, ambapo seli chache tu hushika rangi na kuonekana nyeusi tititi chini ya hadubini. Yeye aliamini kuwa zote ni wavu mmoja usiokatika. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, akitumia rangi ile ile ya Golgi, alithibitisha kuwa kila seli inajitegemea. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake kumpinga mwenzake.

Kabla ya mashine, wataalamu walijuaje kazi ya kila sehemu?

Kwa sehemu kubwa walijifunza kwa wagonjwa, na deni hilo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alimchunguza marehemu Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi "tan", akakuta ubongo umeharibika mbele, upande wa kushoto. Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku hadi siku Molaison alichora vizuri zaidi, ingawa kila mara aliamini kuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Hapo ikadhihirika kuwa kumbukumbu si ya aina moja.

EEG, CT scan na MRI hutofautianaje?

EEG, iliyoanzishwa na Hans Berger wa Ujerumani miaka ya 1920, husoma umeme wa ubongo kupitia vijisahani vinavyobandikwa kichwani. Haiumi wala haiingizi umeme mwilini. Hunasa mabadiliko ya papo hapo, lakini haioneshi kwa usahihi yametokea wapi, na majibu yakiwa ya kawaida bado mtu anaweza kuwa na kifafa. CT scan hutumia eksirei kupiga picha za ndani ya kichwa. MRI nayo hupiga picha, ila kwa sumaku kali na mawimbi ya redio, hivyo mwenye chuma mwilini lazima aseme mapema. Ipo pia MRI ya utendaji, inayopima mabadiliko ya oksijeni katika damu, wala si seli zenyewe; picha za rangi magazetini zinazodai kuonesha "mahali pa mapenzi" zisomwe kwa tahadhari.

Je, tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Hapana. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, jambo lisiloeleweka kama sehemu yake kubwa ingekuwa haifanyi kazi.

Kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupelekwa CT scan haraka?

Kwa sababu mdomo uliopinda, mkono uliolegea na maneno yasiyoeleweka vinaweza kuletwa na donge la damu lililoziba mshipa au na mshipa uliopasuka, na kwa macho daktari hawezi kutofautisha, ila picha ya CT scan huonesha kama damu imevuja. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, na akipewa anayevuja damu inaweza kumuua. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa hospitali aangalie saa dalili zilipoanza, na aitaje mara tu anapofika.