Umetaboli wa estrojeni katika mimba ya ng'ombe

Umetaboli wa estrojeni, yaani homoni za kike, ni mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali ambayo kwayo mwili huziunda homoni hizo, huzizima, huziamsha tena na hatimaye huzitoa kwa mkojo na kinyesi. Katika mimba kazi hiyo hugawanywa baina ya viungo vya mama na vya kijusi, na ng'ombe, anayebeba mimba kwa siku 280 hivi, ni mfano mzuri wa mgawanyo huo.

Chanzo kikuu ni kondo, ambalo chembe zake zina kimeng'enya cha aromatesi kinachogeuza androjeni (homoni za kiume) kuwa estroni na estradioli, ambazo ni aina za estrojeni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya estroni hiyo haiachwi huru, kwa kuwa kimeng'enya kingine huibandika salfeti (kikundi cha sulfuri na oksijeni), na ikishabandikwa haiwezi tena kushikamana na kipokezi chake, yaani protini ya chembe inayopokea ujumbe wa homoni. Ndiyo maana damu ya ng'ombe mwenye mimba kubwa huweza kujaa salfeti ya estroni huku mji wa mimba umetulia. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kushikwa kwanza: kiasi cha homoni kilichomo katika damu si kipimo cha nguvu yake, na anayepima jumla bila kutenganisha iliyo huru na iliyofungwa atapotoka. Salfeti hiyo nayo haipotei bure, maana tishu za mama zinazopakana na kondo zina salfatesi, kimeng'enya kinachoibandua, hivyo zinaweza kujipatia estrojeni hai mahali palepale. Kwa kuwa salfeti ya estroni hutoka kwenye kondo, kuikuta katika maziwa baada ya mwezi wa nne ni dalili kwamba mimba ingali hai.

Ini huongeza kazi ya kuzima kwa kuziunganisha estrojeni na asidi ya glukuroniki, zikayeyuka kwa urahisi katika maji na kutolewa.

Mwisho wa mimba mizani hubadilika, na aliyeieleza vizuri hatua hii ni mtafiti Graham Liggins wa New Zealand, aliyefanya majaribio yake kwa kondoo katika miaka ya 1960. Kotisoli, homoni kutoka tezi za adrenali za kijusi (zilizo juu ya figo), huamsha katika kondo kimeng'enya kinachoelekeza steroidi (jamii ya homoni ambamo estrojeni zimo) kwenye njia ya estrojeni, progesteroni, homoni inayotuliza mji wa mimba, ikashuka, estrojeni huru ikapanda, na misuli ya mji wa mimba iliyokuwa imetulia ikaanza kuitikia oksitosini, homoni inayoifanya ijikaze.