Uwatu nao una madhara yake

Wengi huamini kwamba uwatu, kwa kuwa ni kiungo cha jikoni, hauwezi kumdhuru mama anayenyonyesha wala mtoto wake. Si kweli. Vijiko vya unga wake vinavyotiwa kwenye uji wa mzazi kila siku, ili maziwa yaongezeke, vinaweza kushusha mno sukari ya anayetumia dawa za kisukari, kuzidisha hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kumletea mzio asiyepatana na karanga au dengu. Kwa hiyo anayemshauri mzazi ana wajibu wa kumwuliza kwanza dawa anazotumia, kisha kumtazama mtoto anavyolishika titi, kwani maziwa huongezeka hasa yanaponyonywa vizuri na mara kwa mara, usiku pia.