Gofu na mahame: kiwanda kinapokuwa vyote viwili

Pwani tuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Gofu ni jengo lililochakaa likabaki kuta. Hata mtu aliyedhoofishwa na maradhi huitwa gofu la mtu. Mahame yanatokana na kuhama: ni mahali palipohamwa, hata kama nyumba zingali zimesimama. Gofu ni habari ya jengo. Mahame ni habari ya watu.

Mji wa kale wa Gedi, karibu na Malindi, ni vyote viwili, na ule wa Jumba la Mtwana pale Mtwapa vilevile. Lakini waliohama huko hatuwajui hata majina, na huzuni yake imeshapoa. Twawapeleka watoto wa shule, wakala maembe mibuyuni. Kiwanda kilichofungwa bado kina wenyewe. Kile cha sukari cha Ramisi, kusini mwa Mombasa upande wa Kwale, kilifungwa mwaka 1988, na waliokikatia miwa wangali wako, twakaa nao barazani.

Uzuri upo, na siuonei haya. Upande wa Changamwe niliingia kiwanda kidogo cha mafuta ya nazi kilichoachwa zamani. Jua la saa kumi lilipenya matundu ya mabati likatapakaa sakafuni. Mkuyu ulikuwa umeota kwenye mlizamu, mizizi yake ikashuka ukutani hadi kwenye swichi ya taa. Mlangoni kulikuwa na safu ya misumari, kila mmoja na namba yake ya rangi nyeupe: ndipo wafanyakazi walipotundika mashati.

Uzuri huo haudumu, na hili wengi hawalijui. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi nondo ikishika kutu ndani ya zege huvimba, ikaipasua kutoka ndani. Kuta za Gedi ni matumbawe na chokaa, hazina chuma, nazo zimevuka karne kadhaa. Nguzo ya kiwanda karibu na bahari, isipotunzwa, huanza kumeguka mjenzi wake angali hai. Anayetaka kupiga picha, au kuuliza nani alifanya kazi gani na wapi, aende sasa.

Mimi nilikwenda na mzee wa mtaani kwetu aliyewahi kuwa kibarua humo. Hakuushughulikia mwanga wala mkuyu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye bolti nne zilizochomoza sakafuni, pale saruji ilipokuwa ingali nyeusi kwa mafuta, akasimama nyuma yake.

"Mashine yangu ya kukamua mbata ilielekea huku, mwanangu," akasema, na mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe, mahali ulipokuwa mkono wa kuizimia.